Kufuli la Aliye Juu

Siku walipoanza kushusha taa za zamani katika ile barabara ndefu ya nje kidogo ya mji, Mzee Fyuzi alisonya mara nyingi mpaka muuza chai akamwuliza kama ana jino bovu.

"Meno yangu mazima," alijibu. "Kibovu ni kile kinachopandishwa pale."

Alikuwa ameketi kwenye benchi la kibanda cha chai, mguu juu ya mguu, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, akilitazama gari jekundu lenye mkono mrefu wa chuma likinyanyua kikapu kuelekea nguzo ya kwanza. Ndani ya kikapu alisimama fundi mmoja mwenye helmeti ya njano. Fundi huyo akaifungua taa ya zamani, na kabla hajaishusha, bakuli lake la kioo likamwaga wadudu waliokufa humo miaka na miaka. Badala yake akafunga kitu bapa, chepesi, chembamba kama sinia la kubebea vikombe. Hicho ndicho walichokiita taa.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," Mzee Fyuzi akasema, akasonya tena.

Tuseme kweli: hata kabla ya masinia hayo kuletwa, mzee huyu hakuwa na mtu wala kitu alichokiona cha maana chini ya jua. Aliwadharau madereva kwa sababu wanagonga nguzo, na waendao kwa miguu kwa sababu hawana cha kugongea. Aliwadharau wenye mageti, yaani wakazi wa barabara ile, ambao kwa miaka thelathini na moja hawakuwahi kumwuliza hata ameamkaje, lakini taa ikizima mbele ya nyumba zao walipiga simu manispaa kwa sauti ya waliofiwa. Aliwadharau wanawe wawili wa kiume, mmoja muuza makava ya simu, mwingine mwenye kazi ambayo baba yake hakuwahi kuielewa wala hakutaka aeleweshwe. Jina la Fyuzi alipewa na wenzake wa karakana, maana ukimgusa kidogo tu, anakatika. Walidhani wamemkejeli, yeye akalivaa kama nishani.

Kitu kimoja tu hakukidharau, nacho ni ile barabara. Aliingia kazini akiwa mchimba mashimo, na mashimo ya nguzo zile sitini na nne aliyachimba yeye na sururu yake. Nyaya alifundishwa baadaye na fundi mmoja mkali ambaye alikuwa akisahihisha makosa kwa makofi. Namba za nguzo alizipaka mwenyewe kwa brashi, na kila saba ameikata katikati kwa kamstari, kwa sababu fundi wake alimzabua kofi siku alipoisoma saba kama moja. Alijua namba kumi na mbili imeinama tangu ilipogongwa na lori la mchanga. Alijua namba thelathini ina nyigu. Alistaafu miezi sita iliyopita, wakampa barua yenye mhuri na saa ya ukutani ambayo ilisimama kabla ya wiki kwisha. Saa hiyo nayo aliidharau, lakini aliitundika sebuleni ili apate cha kudharau kila anapoinua macho.

Ufunguo wa boksi la swichi ya taa zile hakuurudisha, kwa kuwa hakuna aliyeukumbuka. Ulining'inia kwenye msumari chini ya ile saa iliyokufa, umefungwa kwa kipande cha waya mwekundu.

Injinia wa kampuni iliyopewa kazi ya kubadilisha taa alikuja kuuomba asubuhi ya siku ya kwanza. Alimkuta mzee hapo hapo kwenye benchi. Alikuwa kijana mwenye viatu vyeupe, na mtu anayekuja kwenye kazi ya nguzo na viatu vyeupe ameshajieleza.

"Shikamoo, mzee. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye ufunguo wa boksi la barabara hii."

"Marahaba. Umepotea."

"Umepotea?"

"Ndiyo. Vitu hupotea."

Injinia akacheka cheko la watu waliosoma. "Basi hamna shida. Mchana laini hii haina umeme. Taa si unaziona zimezima? Kazi yetu ni ya mchana tu." Kisha, akidhani anafanya wema, akaongeza, "Na ukichoka kukaa, mzee wangu, tuna kazi nyepesi. Unashika bendera nyekundu, unasimamisha magari. Helmeti tutakupa."

Bendera! Mtu aliyechimba mashimo sitini na manne kwa mkono wake aambiwe ashike bendera. Mzee Fyuzi alimtazama kijana yule toka utosini hadi kwenye viatu vyake, akageukia chai yake. Lakini maneno aliyoyashika hasa hayakuwa ya bendera. Yalikuwa yale ya kwamba mchana laini haina umeme.

Maana huo ndio ujinga uliotaka kumuua yeye mwenyewe. Juu ya nguzo namba ishirini na mbili kuna kidude kidogo kama kifuniko cha birika, mafundi hukiita jicho. Jicho hilo halijui saa wala tarehe, linajua mwanga tu. Giza likiingia, linaiamsha barabara nzima, kukikucha linailaza. Sasa wingu zito likitanda saa nane mchana, jicho litajuaje kwamba si magharibi? Linafungua umeme, na aliye juu na waya mkononi ndiye wa kwanza kupata habari. Mzee Fyuzi alipata habari hizo mwaka wake wa tatu kazini. Zilimtupa toka kwenye ngazi hadi mtaroni, zikamwachia kovu la kiganja na kidole kimoja kisichokunjika.

Tangu hapo alikuwa na sheria yake. Boksi linafungwa kufuli, swichi ikiwa chini, na kufuli hilo ni la aliye juu. Ufunguo unapanda naye shingoni. Hakuna mkubwa wala mdogo, hakuna injinia wala meya, atakayewasha mpaka aliye juu ashuke mwenyewe alifungue. Sheria hii aliwahubiria wanawe watatu sebuleni, sakafuni, mbele ya boksi bovu alilolitoa karakana. Wavulana walisinzia. Binti yake, mkubwa wao, akiwa na miaka tisa, ndiye aliyeuliza, "Na kama aliye juu amesahau ufunguo nyumbani?" Akajibiwa, "Basi hayuko juu. Anarudi nyumbani."

Huyo binti ndiye kidonda kibichi. Alisomea umeme chuoni akapata cheti, na baba yake akasema cheti hakishiki bisibisi. Miezi miwili iliyopita akaajiriwa, na akaajiriwa wapi? Kwenye kampuni hiyo hiyo iliyokuja kung'oa taa za baba yake. Mzee alisikia habari hiyo akanyanyuka mezani, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Alijifariji kwamba wamemweka ofisini kuandikaandika, kwa kuwa watu wa namna ile hawawezi kujua fundi hata wakimkanyaga.

"Mpigie mwanao," mkewe alimwambia usiku wa siku ya pili. "Yeye keshakupigia mara tatu, simu umeiweka chini ya mto. Na ufunguo wa watu uwapelekee. Utaula?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu asiyesema lake je?"

Mzee alisonya, lakini sonyo la nyumbani halikuwa na nguvu. Mke yule alikuwa amelizoea kiasi cha kulipigia mahesabu ya kupika. Likiwa refu, bwana hana njaa.

Siku ya tatu alifika kibandani amechelewa, ufunguo mfukoni. Kwa nini aliuchukua? Alijiambia kwamba leo injinia atakuja tena kuuomba, kwa heshima safari hii, naye atautoa polepole, mbele za watu. Alikuwa ameipanga hotuba yake yote. Ilikuwa na sehemu ya viatu.

Kikapu kilikuwa kimefika nguzo ya kumi na sita. Aliyemo alimpa mgongo, helmeti ya njano, ovaroli ya bluu. Mzee akamtazama kwa muda, na kwa shingo upande akaona jambo. Siku mbili zilizopita fundi yule alikuwa akizungusha bisibisi kama mtu anayekoroga uji. Leo alizungusha mara mbili, akapumzika, akajaribu kama imekaza, akazungusha tena.

"Leo huyu kaamka na akili," akamwambia muuza chai. Kwa Mzee Fyuzi hiyo ilikuwa sifa ya kuandikiwa cheti.

Saa saba na nusu upepo ukageuka. Wingu likaanza kujikusanya nyuma ya mapaa ya nyumba za wenye mageti, jeusi, limejaa, la aina isiyotania. Mzee aliliona kabla ya wote. Kiganja chenye kovu kilimwasha kidogo, naye akakikuna kwenye paja. Akalipima wingu kwa jicho la miaka thelathini na moja na kupata dakika ishirini, labda ishirini na tano.

Hapa ndipo ningependa kusema kwamba alinyanyuka. Hakunyanyuka. Aliagiza kikombe cha pili.

Nia yake haikuwa mtu afe, msinielewe vibaya. Alichotaka ni injinia yule aone lile wingu, akumbuke, viatu vyeupe viingie matopeni, aje mbio akisema, "Mzee, tuokoe!" Alitaka kuombwa. Na kama injinia hana akili ya kutazama mbinguni, basi hilo ni la injinia. Hivyo ndivyo dharau inavyofanya kazi. Inamketisha mtu mzima na kikombe cha chai, huku ikimwambia kwamba lawama ni ya mwingine.

"Mzee," muuza chai akasema akianza kufunika vitu vyake, "mvua hiyo. Wale hawashuki?"

"Wana injinia wao."

"Kule kwenye chuma na mvua hii?"

"Nimesema wana injinia. Niongezee sukari."

Muuza chai akamwongezea, akatikisa kichwa. "Lakini bintiyo ana moyo. Mimi kule juu nisingepanda hata kama ndiko kwenye dawa ya uzima."

"Binti gani?"

"Wako. Si ndiye yule kwenye kikapu? Asubuhi kanywa chai hapa kabla hujafika. Yule mwenzake kashikwa na homa, leo kapanda yeye." Muuza chai akamtazama usoni. "Kwani hukujua?"

Kikombe kilianguka, sijui hata kama kilivunjika, maana mwenyewe hakubaki kukitazama. Aliinua macho kwenye kikapu, akauona ule mkono: mara mbili, pumzika, jaribu, mara mbili. Ulikuwa mkono wake mwenyewe uliovishwa ovaroli ya mwingine. Nusu saa nzima alikuwa ameutazama akausifu, akanywea chai.

Kwenda kwenye gari kulikuwa mbali zaidi, na ngurumo ya mashine ile ingemeza sauti yake. Boksi lilikuwa kwenye kona, nyuma ya ukuta wa shule ya chekechea, kama hatua mia tatu. Akachagua boksi. Mguu niponye! Mzee wa miaka sitini na moja, ambaye hata basi hakuwahi kulikimbilia kwa kuona ni kulipa kichwa, alikimbia barabarani koti likipepea. Ndala ya kushoto ikabaki nyuma, hakuirudia. Mama mmoja wa kwenye mageti akatoa kichwa akamwita, "We mzee wa taa! Ya kwangu inabadilishwa lini?" Siku nyingine angepata jibu la kumkosesha usingizi wiki nzima. Leo hakupata hata sonyo.

Mchana ulikuwa umekuwa mweusi kama ndani ya chungu. Mbwa wakabweka. Alipokata kona alikuwa ameshautoa ufunguo, ameubana kati ya vidole, huku midomo yake ikisema, "Bado, bado, bado," akilisihi jicho la namba ishirini na mbili kana kwamba lina masikio. Akalifikia boksi, akautia ufunguo kwenye kufuli.

Haukuingia.

Akaugeuza. Haukuingia. Akauchomeka kwa nguvu mpaka waya mwekundu ukamkata kidole, na ndipo akatazama anachokichomeka. Halikuwa kufuli lake. Lilikuwa kufuli jipya, jekundu, na chini yake kimening'inia kibao kidogo kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: USIGUSE. MTU YUKO JUU. UFUNGUO NINAO MIMI. Chini kulikuwa na namba ya simu, na kila saba imekatwa katikati kwa kamstari. Kufuli lake la zamani lilikuwa limelazwa juu ya boksi, limekatwa kwa msumeno, limefutwa hata kutu.

Ndipo alipoinua macho kuzitazama taa, jambo ambalo fundi mwenye akili angelifanya tangu kibandani. Katika giza lile zima, kuanzia namba kumi na saba hadi sitini na nne, hapakuwa na hata moja iliyowaka. Barabara ilikuwa imekufa kabisa, salama. Mvua ikaanza kumpiga naye akaketi kwenye ukingo wa mtaro, mguu mmoja mtupu, akiushika ufunguo usiofungua kitu.

Binti yake alimkuta hapo. Mvua ilikuwa imewashusha wote, naye alikuja kulitazama kufuli lake. Alikuwa ameshika helmeti mkononi, na shingoni, kwenye kamba, ufunguo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama," akasema, kisha pumzi zikamwishia.

"Umekimbia? Baba, na kiatu kiko wapi?"

"Nimekuja kuzima."

"Nazima kila asubuhi tangu siku ya kwanza, jioni nawasha. Nilikupigia mara tatu hukupokea, nikakata kufuli lako. Unisamehe."

"Injinia alisema mchana hakuna umeme."

"Injinia anasema mengi. Mimi nimefundishwa na wewe."

Neno hilo lilimwingia tamu. Kwa muda wa kumeza mate mara moja hivi, Mzee Fyuzi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika mvua ile. Alikuwa hata ameanza kufungua kinywa amwambie kuhusu mkono wake, kwamba ameuona, kwamba ni mkono wa fundi. Lakini binti alikuwa bado anamtazama, na sura yake ilikuwa inabadilika polepole, kama ya mtu anayefuata waya kwa kidole atafute ulipokatika.

"Injinia alikuambia hivyo lini?"

"Hiyo juzi. Asubuhi."

"Kwa hiyo ulijua kwamba hajazima. Na kuhusu kufuli langu hukujua."

Mzee akaugeuza ufunguo kiganjani.

"Juzi na jana alipanda mwenzangu. Ana watoto wawili wadogo, mmoja hajaanza kutembea. Wewe ulikuwa wapi, baba?"

"Kibandani."

"Na leo wingu lilipotanda?"

"Kibandani."

"Ukajuaje ni mimi?"

"Muuza chai kaniambia."

Mvua ilikuwa ikimtiririka usoni naye hakujifuta. "Sawa," akasema mwishowe, taratibu, bila hasira, na afadhali angekasirika. "Asante kwa kunikimbilia."

Mzee akanyoosha mkono, akampa ufunguo wake wenye waya mwekundu. Binti akautazama. "Wa nini, baba? Kufuli lake nimeshalikata." Akaivaa helmeti, akageuka, akaondoka kuelekea kwenye gari. Baba yake alijaribu kusonya, japo kwa mazoea, na mdomo ukakataa.

Jioni aliketi kula. Mkewe alingoja sonyo apate kujua ampakulie kiasi gani, halikuja, akapakulia kwa kubahatisha.

Siku mbili baadaye wenye mageti waliokuwa wakienda kazini walikuta magari yamesimamishwa kwenye nguzo namba ishirini na mbili. Mbele yao alisimama Mzee Fyuzi, helmeti imemfika masikioni, bendera nyekundu mkononi. Mmoja akapiga honi. Mwingine, aliyemkumbuka, akashusha kioo akacheka: "Mzee, siku hizi ndiyo wamekupa kitambaa?" Injinia alipita na viatu vyake akamsifu kwa kukubali kazi. Mzee hakumgeukia hata mmoja wao. Hakuwasikia. Alikuwa amekaza shingo akitazama juu, mara kikapu, mara anga, mara kikapu, na hakuishusha bendera wala macho mpaka fundi yule alipomaliza na kukanyaga chini.

Aliyeshuka hakuwa binti yake. Alikuwa yule mwenzake, aliyepona homa.